Kibao cha Kiayalandi kimekosewa: kosa liliingilia wapi?

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesimamia vibao vya lugha mbili nchini Ayalandi: katibu wa shule, meneja wa kliniki, mjumbe wa kamati ya mtaa, mwenye duka anayetaka Kiayalandi juu ya mlango wake. Zaidi ya wote ni wa fundi wa mabango ambaye lugha yenyewe haijui, lakini ndiye mtu wa mwisho kuigusa kabla haijapandishwa ukutani. Kama wewe ni Mswahili unayefanya kazi hiyo Dublin au Galway, usiogope kwamba hukusoma Kiayalandi shuleni. Sehemu kubwa ya makosa yanayolalamikiwa yanaweza kukamatwa na mtu mwenye macho makini tu.

Kwa Katiba ya 1937, Kiayalandi ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi. Sensa ya 2022 ilikuta watu karibu milioni 1.9 wanaosema wanaweza kukizungumza, ila wanaokizungumza kila siku nje ya masomo ni takriban 72,000. Pengo hilo ndilo linalozaa vibao vibovu. Ofisi nyingi za umma zinatakiwa kukiandika, na wengi waliomo ndani yake hawana uhakika wa kukisoma. Wakati huohuo, kwa mzungumzaji wa lugha hiyo anayeishi mjini, kibao ni mojawapo ya mahali pachache anapokutana na lugha yake nje ya nyumba. Kikikosewa, anajua kwamba hakuna aliyekisoma kabla ya kukipandisha.

Jambo moja lishike tangu sasa: usianze kwa kumlaumu mtafsiri. Makosa mengi huingia baada yake, maandishi yakishapita kwa watu wasioyasoma, yaani aliyeyachapa upya, aliyebonyeza kitufe cha herufi kubwa, aliyebadilisha fonti, aliyeondoa herufi aliyodhani imeingia kwa bahati mbaya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kwa dalili yoyote, ni hiki: piga picha ya kibao kilivyo, tafuta faili au barua pepe ya tafsiri ya awali, uziweke pamoja, usome herufi kwa herufi. Maandishi ya awali yakiwa sawa na kibao kikiwa kibovu, tatizo ni la karakana. Nenda dalili ya kwanza na ya pili. Yakiwa mabovu tangu mwanzo, nenda ya tatu na ya nne. Tafsiri ya awali isipopatikana kabisa, hiyo nayo ni dalili: huenda haikuwahi kuwepo.

Tovuti tatu zinatosha kwa ukaguzi wa kawaida, na zote ni za bure. logainm.ie ni hazina ya majina ya mahali. tearma.ie ni ya istilahi. teanglann.ie ina kamusi, na humo utaona pia maumbo mbalimbali ya neno moja.

Dalili ya kwanza: fada zimepotea, zimeinama upande mbaya, au zimegeuka alama za ajabu

Fada ni kile kistari cha mshazari juu ya vokali: á, é, í, ó, ú. Si pambo. Hurefusha vokali na hutenga neno moja na jingine. "Féar" ni nyasi, "fear" ni mwanamume. Kibao cha bustanini kinachotakiwa kusomeka "Ná siúil ar an bhféar", yaani usitembee juu ya nyasi, kikipoteza fada ya neno la mwisho kinamwambia mpita njia asitembee juu ya mwanamume. "Cead isteach" ni ruhusa ya kuingia, "céad isteach" ni mia moja ndani. "Briste" ni kitu kilichoharibika, "bríste" ni suruali, na ukiwa na haraka ya kubandika karatasi kwenye lifti mbovu ni rahisi kuandika la pili. Kibaya zaidi ni "ná", neno la kukataza. Likiandikwa "na", katazo lenyewe limetoweka kwenye kibao cha katazo.

Sababu inayoongoza ni herufi kubwa. Wabunifu wengi wamezoea kwamba maandishi ya herufi kubwa hayabebi alama za juu. Katika Kiayalandi yanabeba, bila msamaha: FÁILTE (karibu), BAILE ÁTHA CLIATH (Dublin). Angalia kama kibao chenye kosa kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kama ndivyo, umeshapata mshukiwa.

Inayofuata ni kuchapa upya. Mtu amepokea tafsiri kwa simu au kwenye karatasi, akaichapa mwenyewe kwa kibodi asiyojua fada iko wapi. Tiba ni kutochapa kabisa: nakili na ubandike kutoka faili ya mtafsiri. Ikibidi kuchapa, kwenye Windows yenye mpangilio wa kibodi wa Kiayalandi shikilia AltGr pamoja na vokali. Kwenye simu kandamiza vokali hadi chaguo zitokee. Usitumie alama ya ritifaa pembeni ya herufi, kwa sababu "Fa'ilte" si neno.

Ya tatu ni ya mikono, na watu wa ofisini huwa hawaifikirii. Herufi za vinili zikishakatwa na mashine, fundi hung'oa masalio yanayozizunguka kwa kibano. Fada ni kipande kidogo kisichoshikana na vokali yake, hivyo hutoka na masalio bila mtu kuona. Au hubaki, kisha baada ya majira kadhaa ya mvua na upepo hubanduka yenyewe. Simama pembeni ya kibao, utazame uso wake kwa mwanga unaokuja ubavuni. Mara nyingi utaona kivuli cha gundi mahali fada ilipokuwa. Hapo huhitaji mtafsiri, unahitaji kipande cha vinili cha rangi ileile. Fonti ikiwa nyembamba sana, mwambie mbunifu achague nyingine yenye fada nene.

Mara chache zaidi, fonti yenyewe haina herufi hizo. Kompyuta huazima á kutoka fonti nyingine, na herufi moja huonekana nene au nyembamba kuliko jirani zake, au hugeuka kisanduku kitupu. Badilisha fonti, usichore fada kwa mkono juu ya "a" ya kawaida. Ukiona "FÃ¡ilte" au "CÃ©ad", faili imehifadhiwa kwa usimbaji mmoja, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi, na kufunguliwa kwa mwingine. Irudishe, uifungue kwa UTF-8, kisha umwombe mtumaji PDF ya kulinganishia.

La mwisho ni fada iliyoinamia upande wa pili: "Fàilte". Hicho ni Kigaeli cha Uskoti, lugha ndugu lakini nyingine. Mtu alitafuta mtandaoni akachukua jibu la kwanza, au alichagua lugha isiyo yake kwenye programu. Ukiona à, ì au ù popote, usirekebishe kistari peke yake. Tilia shaka sentensi nzima.

Kipimo ninachokipenda kwa dalili hii hakihitaji ujuzi wowote: hesabu fada. Zihesabu kwenye tafsiri, zihesabu kwenye nakala ya ukaguzi, zihesabu tena kwenye kibao kabla hakijatoka karakana. Hesabu zikitofautiana, kazi isimame.

Dalili ya pili: herufi ndogo "imepotea njia" mbele ya herufi kubwa, au imerekebishwa kumbe ilikuwa sahihi

Katika Kiayalandi mwanzo wa neno hubadilika kulingana na neno lililotangulia. Wakati mwingine huongezwa h baada ya konsonanti ya kwanza, wakati mwingine herufi nyingine hukaa mbele kabisa. Herufi hiyo ya mbele hubaki ndogo hata neno likianza kwa herufi kubwa, na hata kibao kizima kikiwa cha herufi kubwa. Jina la kaunti ya Donegal ni Dún na nGall. Kwa herufi kubwa ni DÚN NA nGALL. Vivyo hivyo "na hÉireann" na "An tSráid Mhór", jina la kawaida la barabara kuu ya mji. Kwa jicho la asiyejua, hizo zote zinaonekana makosa ya kuchapa, ndiyo maana zinaharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Kwanza mshuku mashine. Kitufe cha herufi kubwa kinatoa NGALL. Kipengele cha kukuza herufi ya kwanza ya kila neno kinatoa "Na Héireann". Zima vyote viwili, chapa herufi ndogo mwenyewe, kisha toa PDF yenye maandishi yaliyogeuzwa michoro ili kompyuta ya mchapishaji isiyaguse tena.

Kisha mshuku mtu. Kuna mhariri aliyeona nG akasafisha, au aliyeona h akaifuta. Hapa dawa ni kuandika juu ya nakala ya ukaguzi, kwa maneno dhahiri: herufi ndogo zilizo mbele ya herufi kubwa zimekusudiwa, zisibadilishwe. Inaokoa fedha kuliko tahadhari nyingine yoyote ninayoijua.

Kistariungio nacho kina kanuni yake. Kwa herufi ndogo ni "an t-uisce", maji. Neno likianza kwa herufi kubwa, kistari huondoka: "An tUisce". Kibao chenye "AN T-UISCE" kimekosewa mara mbili katika neno moja.

Simama hapa ukikuta h imekosekana baada ya konsonanti na hujui kama inastahili kuwepo. "Cosc ar mhadraí", mbwa hawaruhusiwi, inahitaji ile h; kuna sentensi nyingine ambako neno hilohilo haliihitaji. Huwezi kubahatisha kutokana na kibao cha jirani. Muulize mtu anayejua sarufi.

Dalili ya tatu: jina la mahali si lile wenyeji wanalolijua

Hili ndilo eneo lenye malalamiko machungu kuliko yote, kwa kuwa jina la mahali ni la watu wa hapo. Ili ulitatue sharti ujue historia kidogo. Majina mengi ya Ayalandi yalikuwa ya Kiayalandi kwanza. Yaliandikwa kwa masikio ya Kiingereza, na wapimaji wa ramani wa Ordnance Survey waliyapa maumbo ya kudumu kuanzia miaka ya 1820. Kwa hiyo jina la Kiingereza kwa kawaida ni mwangwi wa sauti, na ukilitafsiri unatafsiri mwangwi.

Kosa la kwanza kwa wingi ni hilohilo: kutafsiri Kiingereza. Bustani kubwa ya Dublin, Phoenix Park, haina ndege yeyote wa hadithi. Ni Páirc an Fhionnuisce, inayotokana na maji safi, "fionn uisce", na sikio la Kiingereza likasikia Phoenix. Salthill, ufukweni mwa Galway, haihusiani na chumvi wala kilima kwa Kiayalandi. Ni Bóthar na Trá, barabara ya ufukweni. Wexford ni Loch Garman, Waterford ni Port Láirge, Wicklow ni Cill Mhantáin. Majina hayo ya Kiingereza yana mizizi ya Kinorsi, lugha ya Waviking, ya Kiayalandi yana mizizi yake, na hakuna njia ya kutoka moja kwenda jingine kwa kamusi.

La pili ni kukisia kwa sauti. "Bally" mara nyingi ni "baile", makazi, kama Baile Munna kwa Ballymun. Lakini Ballina ya kaunti ya Mayo ni Béal an Átha, mdomo wa kivuko, na Ballinasloe ni Béal Átha na Sluaighe. "Kil" inaweza kuwa "cill", kanisa, kama Cill Dara kwa Kildare. Sauti ya karibu sana na hiyo ni "coill", msitu. Kilmore Quay ya Wexford ni Cé na Cille Móire, ya kanisa. Kylemore Abbey ya Connemara ni Mainistir na Coille Móire, ya msitu. Anayeandika kwa kukisia hugeuza kanisa kuwa msitu bila yeye mwenyewe kujua.

La tatu ni kuchukua jina sahihi la mahali pasipo. Majina hurudiwa nchini kote, na mtu akiliandika jina logainm.ie hupata orodha. Akachukua la juu. Soma kaunti, soma parokia, fungua ramani iliyopo kwenye ukurasa huohuo, hakikisha alama imekaa pale kibao kitakapokaa.

La nne ni kunakili kibao cha zamani. Vibao vya zamani vya mitaa ya Dublin viliandikwa kwa hati ya Kigaeli, ambamo s ndogo ina umbo linalokaribia r, na nukta juu ya konsonanti ndiyo h ya leo. Asiyeizoea hati hiyo husoma s kama r na huacha nukta zote. Ikiwa kibao kipya kimekosewa lakini cha zamani kando yake kiko sawa, sababu ni hiyo.

La tano ni adimu lakini lina uzito wa kisheria. Majina yaliyotangazwa kwa agizo la serikali si ya kujadiliwa na fundi. Mfano unaojulikana ni wa mji wa Dingle, kaunti ya Kerry, ulio ndani ya Gaeltacht, maeneo ambako Kiayalandi ndiyo lugha ya jamii. Agizo lililoanza kutumika Machi 2005 lilifanya jina rasmi kuwa An Daingean. Wakazi hawakukubali, mwaka 2006 walipiga kura wakataka jina la lugha mbili. Mwaka 2011 sheria ikabadilishwa, na mji ukawa Daingean Uí Chúis kwa Kiayalandi, Dingle kwa Kiingereza. Vibao vya vipindi hivyo vikikutana barabara moja, tofauti zake hazitokani na uzembe wa mtu.

Majina ya mitaa yenye majina ya watu yana mtego wake. Jina la ukoo hubadilika likifuata neno "mtaa": Ó Conaill huwa Uí Chonaill, hivyo ni Sráid Uí Chonaill. "Sráid Ó Conaill" ni kazi ya mtu aliyeunganisha maneno mawili sahihi akapata jina bovu.

Simama hapa kama jina halimo kwenye logainm.ie, kama kuna majibu mawili, au kama ni mtaa mpya wa nyumba usiowahi kuwa na jina la Kiayalandi. Wapo wataalamu wa serikali kwa kazi hii, Brainse Logainmneacha, na tovuti hiyo ina njia ya kuwaandikia. Usibuni. Jina ulilobuni likishaingia kwenye bili za umeme na anwani za watu, kulitoa ni kazi ya miaka.

Dalili ya nne: maneno yote yapo kwenye kamusi, lakini sentensi haileti maana

Mara nyingi siku hizi ni tafsiri ya mashine iliyochukuliwa bila kusomwa, au neno moja moja lililookotwa kwenye kamusi. Alama yake kubwa ni maana isiyo yake. Neno la Kiingereza "park" ni bustani na pia ni kuegesha. Kiayalandi kina "páirc" kwa ya kwanza na "carrchlós" kwa maegesho ya magari. Ukikuta "páirc" kwenye kibao cha maegesho, umeshajua kilichotokea. Angalizo: mashine hukosea zaidi kwenye maneno mawili matatu ya kibao kuliko kwenye aya ndefu, kwa kuwa haina muktadha wa kuisaidia. Kwa hiyo usiseme "ni maneno machache tu, haina haja ya mtafsiri".

Nyuma yake ni umilikishi. Kiayalandi hakina neno la kuunganisha kama "cha" na "ya" zetu. Nomino ya pili yenyewe hubadilika umbo. Ofisi ya posta ni "Oifig an Phoist", kutoka "post". Ukumbi wa jiji ni "Halla na Cathrach", kutoka "cathair". Ukiona "Halla an Cathair", mtu amepanga maneno ya kamusi yalivyo. Ingiza nomino hiyo teanglann.ie, fungua sehemu ya sarufi, utaona umbo lake la umilikishi. Ukaguzi huu mtu yeyote anauweza.

Halafu kuna anayeambiwa. "Le do thoil", tafadhali, ni kwa mtu mmoja; "le bhur dtoil" ni kwa wengi. Kibao chenye kitenzi cha mtu mmoja na tafadhali ya watu wengi kimeunganishwa kutoka vyanzo viwili.

Na kuna sababu adimu kabisa ambayo kila ofisi inapaswa kuijua, ingawa ilitokea Wales na si Ayalandi. Oktoba 2008 iligundulika kuwa halmashauri ya Swansea imesimamisha kibao cha kuzuia malori, na upande wa Kiwelisi uliandikwa kwamba mtafsiri hayupo ofisini kwa sasa, kazi za kutafsiriwa zitumwe. Lilikuwa jibu la barua pepe la kujiendesha, na ofisi iliyolipokea ililichukua kuwa ndiyo tafsiri. Hapakuwa na kosa hata moja la tahajia, kwa hiyo kikagua-tahajia kisingelikamata. Kinga ni moja: tafsiri irudi ikiwa na maandishi ya Kiingereza kando yake, mstari kwa mstari, na mtu wa pili anayesoma lugha aithibitishe.

Simama hapa mara tu ukiona kosa la maana, si la tahajia. Usijaribu kubadilisha neno moja. Neno jipya litataka mabadiliko kwenye jirani zake. Tafuta mtafsiri mwenye Séala, cheti kinachotolewa na Foras na Gaeilge, taasisi ya kukuza Kiayalandi, kwa watafsiri waliofaulu mtihani wake. Mtumie picha, mweleze kibao kitakaa wapi na nani atakisoma.

Dalili ya tano: Kiayalandi kipo, lakini kimefinywa

Hili ni la sheria kuliko la lugha. Kanuni za 2008, zilizotungwa chini ya Sheria ya Lugha Rasmi ya 2003, zinataka kwenye vibao vya taasisi za umma zinazohusika Kiayalandi kitangulie, kisifichwe wala kufifishwa kuliko Kiingereza, herufi zake zisiwe ndogo zaidi, kitoe taarifa ileile, na neno lisifupishwe isipokuwa la Kiingereza nalo limefupishwa. Kawaida sababu ni mbunifu aliyepanga Kiingereza kwanza, akabakiza kipande cha chini. Panga Kiayalandi kwanza, kwa sababu mara nyingi ndicho kirefu zaidi. Maduka na biashara binafsi hazifungwi na kanuni hizi. Vibao vya barabarani vina mwongozo wake: Kiayalandi juu kwa herufi za mshazari (italiki), Kiingereza chini kwa herufi kubwa.

Dalili ya sita: namba 7 katikati ya maneno

Kwenye vibao vya kulipia maegesho utaona "Íoc ⁊ Taispeáin", lipa na uonyeshe. Alama ile ya katikati si saba. Ni ufupisho wa "agus", "na", uliorithiwa kutoka kwa waandishi wa miswada ya kale. Fonti isipokuwa nayo, watu huweka 7, nayo hukaa juu mno na kuchanganya wasomaji. Tafuta fonti yenye alama hiyo, ambayo namba yake ya Unicode ni U+204A, au andika "agus" kwa ukamilifu.

Dalili ya saba: kinaonekana kimekosewa, kumbe kiko sawa

Kabla hujalalamika, pitia hapa. "Fir" kwenye mlango wa choo ni wanaume na "Mná" ni wanawake. Wageni wanaosoma herufi ya kwanza kwa Kiingereza huingia mlango usio wao, lakini kibao hakina kosa. "GO MALL" iliyopakwa barabarani haikuelekezi dukani: inakuambia uende polepole. "An Lár" juu ya basi la Dublin si jina la mtaa, ni katikati ya jiji. Maandishi ya kale hufuata tahajia iliyotangulia kanuni sanifu ya 1958, na hayo yaachwe kama yalivyo. Kuyasasisha ni kuharibu historia. Lahaja nazo zinatofautiana kati ya Munster, Connacht na Ulster, kwa hiyo neno geni kwako linaweza kuwa ndilo neno la wenyeji. Muulize mtu wa eneo hilo kwanza.

Kibao kimeshasimama: sasa nini?

Kama ni kibao chako na kosa ni fada au herufi moja, stika safi ya rangi na fonti ileile inatosha hadi kipya kitengenezwe. Usiache karatasi ya kuchapwa kwa wino juu yake, mvua ya huko itaitafuna kabla ya wiki.

Kama ni kibao cha usalama, kuhusu umeme, gesi, moto, kemikali, kifaa cha kushtua moyo au njia ya dharura, usingoje tafsiri. Mjulishe msimamizi wa jengo siku hiyohiyo, hakikisha mchoro wa alama unaeleweka peke yake, na usiweke maneno ya kubahatisha kwa lugha yoyote ile.

Kama ni kibao cha barabarani, usikiguse, usipande ngazi, usibandike kitu. Kukichezea bila ruhusa ni kosa kisheria, na pembezoni mwa barabara ni mahali pa hatari. Ripoti kwa halmashauri ya kaunti au jiji.

Kama ni cha taasisi ya umma, iandikie taasisi yenyewe kwanza. Wengi hurekebisha wakionyeshwa. Isipojibu, au ikijibu kwamba hakuna mtu mwingine anayeona tatizo, peleka malalamiko kwa An Coimisinéir Teanga, kamishna wa lugha ambaye ofisi yake iko An Spidéal, kaunti ya Galway. Barua iwe fupi: picha inayoonyesha kibao chote pamoja na mazingira yake, mahali kilipo, tarehe uliyokiona, maandishi kama yalivyo, maandishi yanayotakiwa, na nakala ya ulichoiandikia taasisi. Unaweza kuandika kwa Kiayalandi au kwa Kiingereza.